Kikundi cha Waliokuja Peke Yao

Mwikali alizikwa Ikutha, nyumbani kwao, siku ya jua kali, na mimi nilikaa kiti cha nyuma kabisa cha hema, karibu na wapishi. Mwanamke aliyeketi kando yangu aliniuliza mimi ni wa upande gani, wa mama au wa baba. Nilimwambia ni wa kazini. Akaniangalia mara ya pili, kwa sababu pale Mwikali hakujulikana kama mtu wa kazini. Alijulikana kama mtu wa kwaya, mtu wa matuta na mitaro ya shambani, shangazi wa watoto wengi. Mpwa wake alisoma wasifu kwa sauti nzuri, bila kukimbia, na alipofika sehemu ya Kitui alisema tu kwamba marehemu alifanya kazi mjini kwa muda, kisha akarudi nyumbani kumtunza mamake. Mchungaji akasimama, tukaimba, tukaelekea kaburini. Mwaka nilioishi naye ulikuwa ndani ya hiyo “kwa muda”. Hakuna aliyekosea, familia huandika inachokijua. Lakini nimerudi kwetu, mji wa Wote, na jambo hilo limekaa nami mezani kila ninapokunywa chai, na nimeona niandike mwaka huo jinsi ulivyokuwa, kwa kuwa sasa ni mimi tu niliyebaki ninayeukumbuka.

Nilifika Kitui nikiwa na cheti cha kidato cha nne ambacho hakikuwa cha kujivunia, na cheti kingine cha kompyuta nilichopata katika chuo kilichokuwa juu ya bucha hapa Wote. Mzee Mutinda alikuwa na duka karibu na soko la Kalundu, akiuza mbegu, dawa za mifugo, misumari, rangi na wilibaro. Mwanawe alikuwa amemletea kompyuta kutoka Nairobi, nayo ilikuwa imekaa wiki nyingi chini ya gunia ili isiingie vumbi. Asubuhi yangu ya kwanza alitusimamisha wawili mbele ya kaunta, mimi na Mwikali, ambaye wakati huo alikuwa ameandika risiti za duka lile kwa mkono miaka mingi. Mzee hakuwa mtu wa kuzunguka. Alisema, “Kama hii mashine itaweza kutoa punguzo na VAT bila kukosea kabla ya mvua ya Oktoba, nitabaki na mtu mmoja. Ikishindwa, nitabaki na mtu mmoja pia. Mnajua ni nani.” Kisha akaenda kupokea simiti. Mwikali aliendelea kupanguza kaunta. Alipomaliza aliniuliza ningelala wapi usiku huo, nami nikamwambia ukweli, kwamba sijui. “Basi lala kwangu,” akasema, “mpaka tujue.” Hakusema tujue nini.

Chumba chake kilikuwa kimoja, cha mabati na ukuta wa udongo uliopakwa chokaa, nyuma ya mashine ya kusaga unga. Alikigawanya kwa pazia la maua mekundu alilopewa na mamake. Upande mmoja kitanda chake, upande wa pili meza, jiko la makaa, na godoro ambalo sasa likawa langu. Mashine ya kusaga ilipozimwa jioni, kimya kilikuja ghafla hivi kwamba tulijikuta tumeinua sauti bila sababu, tukacheka. Ukuta haukufika juu. Tuliwasikia majirani, mume na mke, wakila. Mke alizoea kuuliza, “Na kesho?” Mume alijibu, “Kesho ni ya Mungu,” na mke akasema, “Mungu hanunui unga.” Kila jioni maneno yale yale, bila hasira, kama watu wanaosema sala. Mwikali alipika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na mbaazi, na aliupika polepole hadi ukalainika kama uji mzito. Alinipakulia kwanza. Nilikuwa na njaa ya kila namna siku zile, na sidhani kama nilijua jinsi ya kushukuru. Nilikula tu.

Mchana ulikuwa mrefu. Kompyuta iliwekwa pembeni, ikiegemea ukuta, kwa hiyo nilikaa nikiwapa wateja mgongo. Walimsalimia Mwikali kwa jina, wakamwuliza habari za mamake, wakamtania juu ya wanaume, wakaondoka. Niliwajua kwa sauti na kwa viatu. Jumapili nilienda kanisani naye, na wageni walipoombwa wasimame, nilisimama. Jumapili iliyofuata nikasimama tena, na iliyofuata, kwa sababu nilijisikia mgeni bado na sikutaka kudanganya. Mwishowe mzee wa kanisa aliniinamia akaninong'oneza kwamba sasa naweza kuketi. Mwikali alinisimulia hadithi hiyo mwenyewe miaka baadaye kwenye simu, akicheka, nami nikacheka. Lakini siku ile nilipoketi nilihisi nimeondolewa hata hiyo nafasi ndogo niliyokuwa nayo.

Kilichonisaidia ni kazi. Siwezi kusema niliipenda kompyuta. Niliipenda fomula moja. Chuoni walitufundisha kujumlisha na kupiga rangi vichwa vya jedwali, na siku ya mwisho mwalimu akatuonyesha IF kwa haraka kwa sababu stima ilikuwa karibu kukatwa. Nilikuwa nimeiandika nyuma ya risiti ya chakula. Unaweka alama ya usawa, unaandika IF, unafungua mabano, unauliza swali. Ukisoma kwa Kiswahili inasema hivi: kama jambo hili ni kweli, fanya hivi, kama si kweli, fanya vile. Nikaanza na VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani. Mbegu hazikuwa na VAT, misumari na rangi zilikuwa nayo, basi nikatenga safu moja ya herufi: N, yaani ndiyo, kwa kitu kinachotozwa, H, yaani hapana, kwa kisichotozwa. Kama ni N, zidisha bei kwa asilimia kumi na sita. Kama sivyo, weka sifuri. Nilipobonyeza na nikaona sifuri zimejipanga kando ya mbegu, na pesa zimejipanga kando ya misumari, niligeuka kumwonyesha mtu. Mwikali alikuwa na mteja. Nikageukia ukuta tena.

Punguzo lilikuwa gumu zaidi. Desturi ya Mzee ilikuwa kwamba anayenunua pakiti kumi za mbegu kwenda juu hupunguziwa asilimia tano ya kila kitu alichobeba siku hiyo. Nikaandika: kama pakiti ni kumi au zaidi, toa asilimia tano, kama sivyo, usitoe kitu. Nilimwonyesha Mwikali jioni, nikiwa nimeichora kwenye karatasi, yeye akiwa anachambua kunde. Aliitazama kwa muda, akauliza VAT nimeitoza kwa bei ipi. Nikasema kwa bei ya dukani. Akatikisa kichwa. “VAT ni ya kile mtu amelipa, si ya kile ulichotamani alipe. Punguza kwanza, ndipo utoze.” Kisha akaendelea na kunde zake. Nilikaa na ile karatasi mkononi. Nilimwambia kwamba sielewi kwa nini ananisaidia, na kwamba kila anachonifundisha kinamtoa yeye. Sikuwa nimepanga kulisema, lilitoka tu. Mwikali hakuinua uso. Alisema, “Mashine itakuja hata ukienda wewe. Afadhali ije na mtu ninayejua anakula nini.” Hatukulizungumzia tena kwa wiki nyingi. Lakini lilikuwa chumbani nasi, kama mtu wa tatu, na tuliliheshimu kwa kutokulitaja.

Mwanzoni mwa Oktoba, kabla wingu lolote halijaonekana, waliingia akina mama wa mwethya kutoka upande wa Migwani. Mwethya, kwetu Ukambani, ni kikundi cha kufanya kazi kwa pamoja: leo wanachimba mitaro kwa huyu, kesho kwa yule, na msimu wa kupanda unapofika huenda dukani pamoja. Lakini wana namna yao. Kazi ni ya pamoja, pesa hapana. Kila mmoja alifungua leso yake, akahesabu zake, akataka risiti yake mwenyewe ya kuonyesha nyumbani. Mmoja pakiti mbili, mwingine tatu, mwingine moja na kilo ya misumari. Mzee alikuwa amesimama mlangoni kwa sababu aliamua siku hiyo itumike mashine. Nikaingiza mstari kwa mstari, nikachapisha, na hakuna hata mmoja aliyepunguziwa. Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya juu, alizigeuza risiti upande huu na huu. “Kwani hii mashine yenu haina macho?” akauliza. “Tumeingia mlango mmoja, inatuona kila mtu na njia yake kama tumefukuzwa kwa bwana.” Wenzake wakacheka hadi wakashikana mabega. Mwingine akasema labda mashine haijaolewa, ndiyo maana. Nilicheka kidogo ili nisilie. Mwikali akachukua kitabu cha risiti, akawaandikia wote upya kwa mkono, kila mmoja na punguzo lake, na Mzee akatoka mlangoni bila kusema neno. Hilo ndilo lililoniogopesha, kwamba hakusema.

Jioni ile Mwikali alinieleza kile ambacho wote walikijua isipokuwa mimi. Mwethya huhesabiwa kama mtu mmoja mwenye mikono mingi. Huwakatii risiti hadi wa mwisho amemaliza kuchagua. Unawaketisha kwenye benchi, unahesabu pakiti zote, ndipo unarudi kwa kila mmoja. Nilifikiri usiku kucha nikiwa macho kwenye godoro, na asubuhi tulifungua mapema. Nikaongeza safu ya kikundi. Ndani ya ile IF nikaweka fomula nyingine inayoitwa SUMIF, ambayo hutafuta kila mstari wenye jina fulani na kujumlisha. Sasa swali halikuwa tena, huyu amenunua ngapi? Lilikuwa, wote wenye jina hili wamenunua ngapi? Nikajaribu na jina la kikundi cha Migwani, nikiingiza zile pakiti za jana, na punguzo likashuka safu nzima, kwa aliyenunua tatu na kwa aliyenunua moja. Mwikali alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliweka mkono begani mwangu, akasema, “Ehe. Sasa inaona watu.” Nakumbuka uzito wa mkono ule kuliko ninavyokumbuka mambo mengi makubwa yaliyonipata baadaye.

Mvua zilikaribia na duka likajaa. Vikundi viliketi benchi, vikahesabiwa, vikaenda. Kwa wale walioingia bila kikundi, kwa kuwa sikupenda kuacha nafasi tupu kwenye safu ya kikundi, niliandika humo maneno mawili: peke yake. Ilikuwa kweli, na mimi hupenda kuandika kilicho kweli. Kila siku nilifungua jedwali jipya, na siku moja asubuhi waliingia watu kama hao wengi. Bibi mmoja na pakiti moja, kijana wa boda boda aliyetumwa na mamake, mwalimu aliyestaafu, mwanamume kutoka Ikutha aliyeuza mbuzi na kutaka mbegu za ndengu. Kila mmoja alilipa bei kamili akaenda. Adhuhuri ikapita. Kisha mzee mmoja mkimya, aliyenunua pakiti moja tu ya mtama, akatazama risiti yake na kuuliza leo kuna nini. Nikamwuliza kwa nini. Akasema amepunguziwa, na hajawahi kupunguziwa kitu mjini. Nilidhani nimekosea kuingiza bei. Mteja aliyemfuata akapunguziwa pia, na aliyemfuata. Nilipopandisha jedwali juu nikaona punguzo limeshuka kwa wote tangu asubuhi, hata wale waliokwisha kulipa wakaenda. Nikaelewa. Fomula ilikuwa imetafuta kila aliyeitwa “peke yake”, ikawajumlisha, ikaona pakiti zao zimepita kumi, ikawafanya kikundi kimoja.

Sikungoja Mzee agundue kwenye droo ya pesa. Nilimwendea alipokuwa akikagua dari la stoo, nikamweleza yote jinsi ilivyokuwa. Alikuja akasimama mbele ya kompyuta, ingawa hakujua kuisoma. “Kwa hivyo imewafanya jamaa,” akasema. Nikasema ndiyo. Hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika. Alimgeukia Mwikali, akamwambia, “Wewe ndiye umekaa na hii kitu. Niambie. Inaaminika?” Duka lilikuwa tupu wakati huo. Nilijua, na Mwikali alijua, na nadhani Mzee alijua pia, kwamba neno moja lingetosha. Angesema hapana, na isingekuwa hata uongo mkubwa, na mimi ningekuwa Wote kabla ya Jumapili. Mwikali alifunga droo kwanza. Kisha akasema, “Inaaminika, Mzee. Nimekuwa nikiihesabia kwa kichwa kila jioni tangu Migwani. Nilikuwa natafuta kosa. Sijapata lingine ila hili, na hili si la mashine. Kila mtu aandikwe jina lake, basi.” Mzee akaguna, akarudi stoo.

Tukienda nyumbani Mwikali alianza kucheka barabarani, peke yake, hadi ikabidi asimame na kushika kiuno. Watu walituangalia. “Umeanzisha mwethya wa watu wasio na mtu,” akasema. “Mwenyekiti ni wewe.” Nikamwuliza yeye ni nani. Akajifuta macho kwa leso. “Mimi ni katibu. Nani mwingine angekubali?” Nimeolewa tangu wakati huo, na nimefiwa, na nimekaa katika vikundi vya kila aina vyenye wenyeviti na makatibu. Sijawahi kuwa mwanachama wa kitu kama nilivyokuwa jioni ile, kwenye ile njia ya vumbi nyuma ya mashine ya unga.

Mzee alitimiza neno lake baada ya msimu. Kabla hajalitamka rasmi nilimwendea, nikaomba atubakishe wote wawili, tugawane mshahara. Alinisikiliza hadi mwisho. “Mwiitu,” akasema, yaani binti, na hakulisema kwa dharau, “hapa ni duka, si kanisa.” Nilipomwambia Mwikali nimekwenda kumwomba, alinikemea, mara ya pekee aliyowahi kunikemea. Alisema mamake amezeeka na shamba lipo, na yeye akirudi Ikutha atapokelewa na watu wanaofahamu sauti yake. “Wewe ukirudi saa hii, utarudi kuketi bila kazi.” Aliondoka wiki moja kabla ya Krismasi. Aliniachia kitanda, godoro, meza na jiko. Pazia alilikunja akalibeba, kwa kuwa lilikuwa la mamake, na ilikuwa haki. Lakini bila pazia chumba kilikuwa kikubwa mno. Nilikaa Januari yote na Februari nikilala upande wangu ule ule, karibu na jiko, na kitanda chake kikiwa kitupu, na majirani wakiulizana juu ya kesho. Kaunta ikawa yangu. Nikageuzwa kutoka ukutani, nikawatazama watu usoni, na walinisalimia sasa, wakiniuliza Mwikali yuko wapi.

Mwezi wa tatu, siku ambayo mawingu yalikuwa yamekaa tangu alfajiri bila kunyesha, lori la mbuzi lilisimama nje na wanawake wakashuka wakicheka. Mwikali alikuwa katikati yao. Alikuwa amechomwa na jua na amepungua mwili, na alitembea kama mtu mwenye haraka. Hakuja nyuma ya kaunta. Aliketi benchi na wenzake, akangoja zamu yake, akachagua pakiti zake, akalipa zake. Niliandika jina la kikundi chao mara nyingi, mstari kwa mstari, na la mwisho lilikuwa lake. Punguzo likaja lenyewe. Nikamkabidhi risiti. Aliisoma midomo ikitembea kidogo, akihesabu, kisha akaikunja akaitia kwenye leso. “Iko sawa,” akasema. Wanawake walibeba mizigo yao wakatoka. Lori likaanza kunguruma.

Alibaki amesimama. Akaniuliza nimekula nini mchana huo. Nilisema chai. Akaniuliza jana. Nikasema chai pia, na mkate. Alinitazama, akatoka nje, nami nikadhani ameenda, nikaanza kupanga karatasi kwa sababu mikono ilihitaji kufanya kitu. Alirudi na bakuli lililofunikwa kwa sahani, isyo ya mahindi na kunde mbichi waliyokuwa wamebeba ya safari yao wote. Akaingia nyuma ya kaunta, akavuta kiti, akaketi, akanipa kijiko kimoja na yeye akachukua kingine. Dereva akapiga honi. Mmoja wa wenzake aliita jina lake kutoka juu ya lori, akaita tena, kwa sauti ya mtu anayemjua vizuri. Mwikali hakugeuka.

“Waache wangoje,” akasema. “Kula.”

Nilikula.